Picha Zilizokuwa Zimetoka

Jamani, leo nataka tumzungumze Minas.

Najua wengi wenu jina hili halijawahi kuwapitia masikioni. Kwenye vijiwe vyetu vya sanaa mtu akitaja mchoraji wa nje utasikia Picasso, utasikia Van Gogh na sikio lake, basi, hadithi imekwisha. Minas Avetisyan hayumo. Wala simlaumu mtu, maana hata nchi yake yenyewe, Armenia, ukimwambia mtu aioneshe kwenye ramani, kidole kitazunguka weee mpaka kichoke.

Armenia ni nchi ndogo ya milima. Haina bahari, imebanwa kati ya Uturuki, Georgia, Azerbaijan na Iran, na eneo lake halifiki kilomita za mraba 30,000. Lakini usiidharau. Wenyewe wana lugha yao, kanisa lao la tangu karne ya nne, na herufi zao ambazo mtawa mmoja aitwaye Mesrop Mashtots alizibuni mnamo mwaka 405. Hebu fikiria, ndugu msomaji: mtu anakaa chini, anasikiliza lugha ya mama yake sauti moja moja, na kila sauti anaipa alama yake. Tangu hapo Waarmenia wamekuwa watu wa kitabu hasa. Katika mji wao mkuu, Yerevan, liko jengo kubwa la mawe liitwalo Matenadaran, na kazi yake ni kutunza miswada ya kale, maelfu kwa maelfu.

Kuna mswada mmoja humo ndani ambao habari zake zilininyima usingizi, na nitaurudia baadaye. Kwanza tufike kijijini.

Minas alizaliwa tarehe 20 Julai 1928 katika kijiji cha Jajur, kaskazini magharibi mwa Armenia, karibu na mji ambao siku hizo uliitwa Leninakan na leo unaitwa Gyumri. Ni sehemu ya baridi kali, nyumba za mawe, vilima vilivyo uchi na anga pana. Kizazi cha wazazi wake kilikuwa kizazi cha njiani. Zamani Waarmenia wengi waliishi upande ambao sasa ni Uturuki, na mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, watawala wa Dola ya Uthmaniya waliwakusanya, wakawaua, na waliobaki wakaswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria. Idadi inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu milioni moja. Walionusurika walitawanyika dunia nzima, na wengine wakavuka kuingia upande wa mashariki, ndiyo hiyo Armenia tunayoizungumza. Kwa hiyo mtoto wa Jajur alikua akisikia majina ya vijiji ambavyo hawezi kwenda kuvitazama. Mlima Ararati, ambao Waarmenia wanauchora hata kwenye chupa za pombe, unaonekana vizuri kabisa kutoka Yerevan, lakini uko ng'ambo ya mpaka. Unauona kila siku asubuhi, na si wako.

Nadhani ukikua hivyo unajifunza mapema kwamba kitu kinaweza kuchukuliwa.

Kijana Minas alipenda kuchora, akaenda Yerevan mwaka 1947 kwenye chuo cha sanaa, akamaliza mwaka 1952. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, akaenda mbali zaidi, Leningrad, kwenye Taasisi ya Repin. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule kubwa ya uchoraji ya Umoja wa Kisovieti. Huko alifundishwa na Boris Ioganson, bwana mkubwa wa uchoraji wa kiserikali. Tuelewane hapa. Tangu mwaka 1934 serikali ya Kisovieti ilikuwa na mtindo wake rasmi: mfanyakazi achorwe akiwa imara, mkulima achorwe na mavuno tele, kiongozi achorwe akitazama mbele. Mchoro usomeke kama gazeti la asubuhi. Waliosoma pale walijua kuchora, hilo huwezi kubisha. Mkono wa mtu na mkunjo wa koti waliupata kama ulivyo. Lakini rangi ilipaswa kukaa kimya.

Ng'ambo ya mto Neva, ukitoka tu nje ya taasisi ile na kutazama maji, liko jumba la makumbusho la Hermitage, na humo ndani zimo picha za Matisse na Gauguin. Kwa hiyo mwanafunzi alikuwa na shule mbili, moja upande huu wa maji na nyingine upande ule.

Alikaa Leningrad miaka sita. Akarudi kwao mwaka 1960, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Aliichora Jajur. Aliichora mwaka ule ule wa 1960, akaichora tena, na tena, mpaka anakufa hakuiacha. Lakini Jajur yake, we acha tu! Vilima ni vyekundu. Vivuli, ambavyo shuleni unaambiwa ni vyeusi au vya kijivu, kwake ni vya buluu iliyokolea au kijani. Uso wa mwanamke una rangi ya udongo uliotoka tanuri sasa hivi. Anga lina rangi ya chungwa, na hakuna anayeshangaa. Watu wake wamesimama wima, warefu, kimya, macho makubwa, kama wale watakatifu wa kwenye vitabu vya kanisa vya zamani za kale. Hawatabasamu kwa ajili ya mtu. Hawabebi bendera. Wanasimama tu, kama mama zetu wanavyosimama mlangoni jioni wakimngoja mtu ambaye hawakuambiwa atarudi lini.

Mwaka 1962 yalifanyika Yerevan maonyesho ya wachoraji watano, yeye akiwa mmojawapo, na jina lake likalipuka. Mwaka huo huo, Desemba, huko Moscow, Khrushchev mwenyewe aliingia kwenye maonyesho ya sanaa kwenye ukumbi wa Manege akawafokea wachoraji wa mitindo mipya mbele ya watu. Pima mwenyewe. Mji mkuu wa dola kiongozi anafoka, na pembeni kabisa ya dola kijana wa kijijini anachora milima myekundu na watu wanapanga foleni kuitazama. Pembeni nako kuna faida yake, bwana. Sauti ya mkubwa inafika imechoka.

Tena hakuwa wa kwanza kupigana na rangi. Alikuwapo mzee, Martiros Saryan, aliyezaliwa mwaka 1880. Huyu ndiye baba yao wote. Kabla ya Vita vya Kwanza alisafiri Istanbul mwaka 1910, Misri mwaka 1911 na Uajemi mwaka 1913, akarudi na jua kichwani. Mitende, punda, wanawake waliojifunika, mbwa waliolala kivulini, vyote kavichora kwa rangi nzima nzima bila kuzizimua. Mara nyingi tunaambiwa kwamba mwanga umetoka Ulaya kuja kwetu. Mzee huyu alikwenda kuutafuta Misri, ndani ya bara hili hili, akaubeba kwenda nao milimani. Minas aliupokea kutoka kwake na kwa wazee wengine wa zamani zaidi, wale waliokuwa wakipamba vitabu vya Injili katika karne za kati. Mmoja wao, Toros Roslin wa karne ya 13, Minas alimpa heshima ya kumchorea picha ya kuzaliwa kwake.

Sasa sikiliza jambo hili kuhusu Saryan. Kati ya 1926 na 1928 aliishi Paris, akafanya maonyesho yake, akafungasha picha zake akarudi nyumbani. Zikapakiwa melini. Meli ikashika moto, na karibu kazi zote za Paris zikaungua. Hiyo ilikuwa 1928, mwaka ule ule aliozaliwa Minas.

Mimi siamini nyota wala falaki. Ila nilipoiona tarehe hiyo nilifunga kitabu nikakaa kwanza.

Kitabu chenyewe nilikipataje? Mvua za masika za mwaka 2018 ziliingia kwetu bondeni usiku. Waliokuwapo wanakumbuka. Maji hayakupiga hodi, yalipanda kimya kimya, na kulipokucha godoro lilikuwa sponji na madaftari yangu kumi na moja yalikuwa uji. Hadithi fupi ishirini na kitu, nusu ya riwaya, mashairi ambayo sikuwa nimemwonesha hata dada yangu. Nilianika kurasa juu ya kamba kama dagaa. Wino wa bluu ulikuwa umekimbilia pembeni, katikati kumebaki karatasi tupu. Watu wanakufa kwa mafuriko, nyumba zinaanguka, wewe unalilia madaftari. Hilo nililijua na nilinyamaza. Lakini usiku nilikuwa naamka najaribu kukumbuka sentensi.

Katika jumla hiyo zilipona hadithi mbili. Moja mshikaji wangu alikuwa ameiazima miezi mitatu nyuma, akasahau kuirudisha, na mimi nilikuwa nimemkasirikia kwa hilo. Nyingine ilikuwa imechapwa kwenye jarida dogo la chuo, nakala hamsini tu za kudurufu.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja aliyesomea uhandisi Leningrad miaka ya sabini mwanzoni, enzi zile vijana wetu walipopelekwa Urusi na kurudi na makoti mazito yasiyo na kazi. Nilikwenda kumsaidia kutoa matope. Vitabu vyake vilikuwa juu ya kabati, vikavu. Akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia. Hakusema pole. Alipanda kiti, akashusha kitabu kikubwa cha picha, cha enzi za Kisovieti, maelezo yote ya Kirusi, jalada limechakaa kama mfuko wa kondakta.

"Huyu naye aliunguliwa," akasema. "Keti nikusomee."

Akanisomea, anatafsiri polepole, kidole kwenye mstari. Nilipotaka kuondoka akaniambia, "Chukua. Ukimaliza usinirudishie, mpe mwenzako anayechora." Nilikaa nacho mwaka mzima na zaidi, kisha nikampa binti mmoja anayechora mabango ya saluni. Kwa hiyo hizi rangi ninazowaeleza nazieleza kwa kumbukumbu. Na mengine nimeyatafuta baadaye mwenyewe, maana kitabu cha Kisovieti hakikusema yote.

Haya, turudi Yerevan.

Kufikia mwisho wa miaka ya sitini Minas alikuwa mtu mzima mwenye jina. Tarehe 24 Aprili 1965, miaka hamsini kamili tangu maangamizi yale, watu walijaa barabara za Yerevan wakidai wafu wao wakumbukwe hadharani, jambo ambalo Moscow haikulizoea hata kidogo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, mnara wa kumbukumbu ukafunguliwa juu ya kilima cha Tsitsernakaberd. Katikati ya miaka hiyo hiyo, 1965 hadi 1967, Minas alikuwa akifanya kazi ya mchoro mmoja mkubwa alioupa jina la Njia, kwa kumbukumbu ya wazazi wake. Hakuchora mauaji. Amechora njia. Waliopita njia hiyo wameelewa, na sisi wengine tunaelekezwa tusimame pembeni tuwapishe.

Halafu ukaja mwaka 1972. Mwanzoni mwa mwaka huo studio yake iliyoko Yerevan iliungua. Zikaungua na picha, kazi za miaka kibao, zile alizokuwa amejiwekea mwenyewe. Kwa nini iliungua? Maneno ni mengi, na Waarmenia wanayo mpaka leo. Wapo wanaotaja mkono wa serikali. Mimi sina ushahidi wa kumshika mtu kola, kwa hiyo nayaacha pale pale. Ninachokijua ni kwamba rangi ya mafuta, kitambaa na mbao vikipata moto havisubiri.

Hapa ndipo wenzangu wengi kijiweni wanapopenda kunikatiza. Nikifika kwenye moto tu, mtu anarukia: "Akaanza upya, akashinda!" Tumezoea hadithi za namna hiyo, za kwenye kanda za mahubiri na semina za ujasiriamali. Ni kweli alianza upya. Mwaka huo huo wa 1972 alichora wanawake wanaooka mkate wa lavash, na ni moja ya picha zake zinazopendwa kuliko zote. Lavash ni mkate mwembamba kupita chapati, unatandazwa kwa mikono mpaka unakuwa kama kitambaa, halafu unabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo lililochimbwa chini ardhini. Mwanamke anainama juu ya shimo la moto na kubandika haraka kabla mkono haujaungua. Picha nzima ni nyekundu na rangi ya chungwa, wanawake wameketi kazini, na moto umewekwa mahali pake panapofaa, chini, ndani ya shimo, unaoka mkate. Mtu aliyeunguliwa na kila kitu anachora moto unaolisha watu. Unaweza kuliwaza hilo mpaka asubuhi.

Lakini kusema ameshinda, hapana. Zilizoungua zimeungua. Hakuna aliyezirudisha, na picha mpya haikai kwenye kiti cha picha ya zamani. Mimi nimejaribu. Katika hadithi zangu zilizoyeyuka nimeandika upya nne, nikijua mwanzo na mwisho wake vizuri kabisa. Zimetoka nyingine. Wahusika wana majina yale yale ila hawanijui. Mbili kati yake ni nzuri kuliko zilivyokuwa, na bado nazililia zile mbaya.

Jambo lililonishika ni lingine, na kijiweni huwa halizungumzwi. Kwa nini leo tunaweza hata kumjua Minas wa miaka ya sitini? Studio imeungua, sasa hiyo Jajur ya 1960 watu wanaitazama wapi? Jibu ni jepesi mpaka linatia hasira: picha zilizopona ni zile ambazo hazikuwepo nyumbani. Zilizokuwa zimechukuliwa na makumbusho. Zilizonunuliwa na watu zikatundikwa sebuleni. Zilizotolewa zawadi. Kila picha ambayo mchoraji aliiachia kwa uchungu, pengine kwa bei ya kutupa, pengine akijisemea moyoni kwamba amepunjwa, ndiyo hiyo iliyookoka. Alizozipenda mno akabaki nazo, moto ulizikuta.

Na mwaka ule ule wa 1972, kana kwamba watu walisikia, mhakiki wa sanaa Henrik Igityan alifanikiwa kufungua Yerevan jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, la kwanza la aina yake katika Umoja wa Kisovieti nzima. Halikuwa na fungu nono la kununulia picha. Wachoraji wenyewe walitoa kazi zao bure, na za Minas zimo. Igityan alielewa kwamba mchoro ukibaki na mwenyewe hauna makazi mawili.

Sasa niutaje ule mswada wa Matenadaran niliouahidi. Unaitwa Mahubiri ya Mush, umeandikwa kwa mkono juu ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 13, nao ni mkubwa ajabu, kilo 28 hivi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1915, monasteri ilipoteketezwa, wanawake wawili waliukuta katika magofu. Kuubeba mmoja hawezi. Wakaugawa katikati, kila mmoja nusu yake, wakaanza safari kwa miguu. Mmoja alifika akakabidhi nusu yake kwa kanisa, huko Echmiadzin. Mwingine alikufa njiani, lakini kabla ya kufa aliizika nusu yake, na baadaye ofisa mmoja wa jeshi akaipata. Leo nusu zote mbili ziko pamoja. Wanawake wale majina yao hayajulikani. Hawakuandika hata mstari mmoja wa kitabu kile. Walikubali tu kukipasua ili kiishi.

Minas naye alikuwa na namna yake ya kukipasua kitabu. Katika miaka ya sabini mwanzoni alichora kwenye kuta, na si kuta za makumbusho. Ni kuta za viwanda na majengo ya watu, Leninakan na maeneo ya jirani, karibu na kwao. Mtu anatoka zamu, mikono ina girisi, anapita chini ya wanawake warefu wa Jajur waliopakwa ukutani. Hakuna tiketi. Ukuta haufungwi kwenye kabati, haununuliwi na tajiri mmoja, na ukitaka kuuchoma itabidi uchome kiwanda.

Alikuwa na miaka mitatu tu baada ya ule moto, ingawa mwenyewe hakujua. Februari 1975, akitembea kwa miguu mjini Yerevan, gari lilimgonga. Akafa tarehe 24 ya mwezi huo, akiwa na miaka 46. Na hapo tena maneno ya watu ni mengi. Studio jana, mwenyewe leo, nani atalaumiwa kwa kunong'ona? Mimi nasema tu kwamba miaka 46 ni umri ambao wachoraji wengi ndio kwanza wanaanza kuujua mkono wao.

Mwaka 1982 watu wakamfungulia makumbusho yake Jajur kwenyewe. Picha zikarudi kijijini zilikotoka. Ungefikiri hadithi inaishia hapa kwa heri na baraka. Tarehe 7 Desemba 1988, saa tano na dakika arobaini na moja asubuhi, ardhi ya kaskazini mwa Armenia ikatikisika. Watoto walikuwa madarasani, watu viwandani. Walikufa watu wapatao 25,000. Mji wa Spitak ulifutika, Leninakan ikabomoka vibaya, na Jajur iko katikati ya hiyo miji miwili. Makumbusho ikaanguka. Na zile kuta za viwanda, zile nilizokuwa nazisifia sasa hivi kwamba haziibiki wala hazichomeki, nyingi zikaanguka na picha zake.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza niliona hoja yangu yote imeanguka nazo. Umeficha, moto. Umeweka hadharani, tetemeko. Sasa mtu afanye nini?

Nimeifikiria sana. Ninachoona ni kwamba Minas hakuwa na mahali pamoja palipo salama, wala hakuna mtu duniani aliye napo. Alikuwa na mahali pengi pasipo salama. Moto ulichukua studio, haukufika makumbusho. Tetemeko lilichukua kuta za Leninakan, halikufika Yerevan. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 viwanda vingi vilifungwa, paa zikavuja, lakini baadhi ya picha za ukutani zilikuwa zimebaki, na wapo mafundi waliokwenda kuzisafisha na kuziokoa. Makumbusho ya Jajur ikajengwa tena. Mwanawe Narek naye amekuwa msanii, wa mtindo wake mwenyewe kabisa, wala haigi milima ya baba. Ukijumlisha yote, kilichobaki si kingi kama kilichokuwapo. Ila kimebaki, kwa sababu wakati wa kila janga kulikuwa na picha fulani iliyokuwa imelala nyumba nyingine.

Nawaandikia ninyi mnaoandika na kuchora, wenye daftari chini ya godoro na faili lenye neno la siri. Tunapenda kusema "bado haijaiva." Inawezekana kweli haijaiva. Lakini tujiulize hiyo kazi imelala nyumba ngapi. Mwandishi wa nakala moja anaishi kwa huruma ya paa lake. Msomee dada yako. Mwazime mshikaji, na akisahau kurudisha usimgombeze. Tuma kwenye jarida dogo hata kama halilipi, hata kama mhariri atakata aya unayoipenda kuliko zote. Sikuahidi umaarufu, wala sisemi kila tunachoandika kinastahili kuokolewa. Hilo wataamua watakaokikuta. Sharti kiwepo cha kukuta.

Sijafika Armenia na sijui kama nitafika. Picha za Minas nimeziona kwenye karatasi tu, nyekundu iliyopoa kwa kuchapwa na kushikwashikwa, na hata hivyo ilinichoma. Ilikuwa imetoka Jajur, ikapitia Yerevan na Leningrad, ikasafiri ndani ya sanduku la mwanafunzi mwenye koti zito, ikakaa juu ya kabati bondeni kwetu miaka arobaini na zaidi, na sasa iko kwa binti wa mabango. Juzi nimepita karibu na saluni moja nikaona amechora mwanamke anayesukwa nywele. Kivuli cha shingo yake ni cha buluu.

Jarida hili ulilolishika lina nakala mia mbili. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzio.